Imamu wa Mama

Alhamisi, Kismayu. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua haitaki kushuka. Joto limekaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyejua kuaga.

Shajara yangu, leo nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Ninakuandikia kwa Kiswahili hiki cha shule nilichofundishwa katika kambi ya wakimbizi Kenya. Nyumbani tunasema Kibajuni, na mtaani watu wanasoma Kisomali, kwa hiyo hapa nimejificha vizuri. Jina langu sitaliandika. Kwa maneno haya mtu anaweza kuuawa, na mimi si shujaa.

Siamini.

Haya, nimeandika. Hakuna kilichotokea. Mama Nuru, jirani yetu, bado anatwanga uani kwake, na bajaji bado zinapiga honi kule njia ya bandarini.

Mama yangu yuko kitandani tangu baada ya Ramadhani, hawezi hata kuketi. Anaswali kwa kope: akirukuu hufumba macho kidogo, akisujudu huyafumba zaidi. Lakini akili imeanza kumpotea, anachanganya rakaa, na hilo linamliza kuliko maumivu yenyewe. Kwa hiyo sasa anaswali kwa kunifuata mimi. Natandika msala ubavuni mwa kitanda chake, mimi natangulia, naye anakuja nyuma yangu. Mama Nuru alijitolea kumswalisha, na yeye ana sauti nzuri na kisomo chake kimenyooka. Mama alikataa. Alisema anataka kumfuata mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Adhuhuri na alasiri ni nafuu kwa sababu zinasomwa kimya. Nainama, nainuka, nawaza madera ya watu niliyopewa kushona. Zinazosomwa kwa sauti ndizo zinazonitesa, magharibi hasa. Pale lazima nitoe sauti, na nikimaliza Fatiha naisikia "amina" yake, nyembamba, ya mtu aliyetulia kabisa. Chuoni tulifundishwa kwamba asiye na imani hafai kuwa imamu, na swala ya anayemfuata ina walakini. Mama ndiye aliyenipeleka chuoni. Kila jioni namharibia kitu anachokithamini kuliko pumzi yake, na yeye ananiombea dua kwa kazi hiyo.

Kama kweli siamini, basi maneno ni maneno tu. Mbona basi naisoma Fatiha haraka haraka?

Sasa niseme ya leo. Mdogo wangu wa kiume, tuko wawili tu kwa Mama, anaishi Ulaya. Alianza kuacha swala huko, kisha akaacha yote, na tofauti na mimi, yeye alisema. Ana wenzake wanaokutana ukumbini siku za Jumapili. Hawana kitabu cha Mungu wala kibla. Wanasema mtu apimwe kwa anavyomtendea mwenziwe, kwamba maisha ni haya haya, hakuna mengine ya akiba, na kwa hiyo tusiumizane. Hunitumia sauti ndefu ndefu kwenye simu akinieleza. Nazisikiliza nikiwa nafua, halafu nazifuta.

Habari zake zilifika mtaani, hakuna siri hapa. Mama Nuru aliniambia mtu asiyemwogopa Mungu hana kinachomzuia, leo atakula mbuzi wa jirani, kesho atamla jirani. Nilitaka kumuuliza ni nini kiliwazuia wale waliokuja Koyama.

Nilikuwa mtoto, vita vimeanza. Walikuja kisiwani kwetu watu wenye bunduki, wakati wa magharibi. Waliomba maji ya kutawadha, Mama akawapa. Waliomba msala, Baba akatoa wake. Wakaswali uani petu kwa jamaa, na aliyewaongoza alisoma vizuri sana, bado namsikia. Walipotoa salamu walichukua mashua zote, wakamchukua na Baba awaonyeshe njia ya maji. Baba hakurudi. Mdogo wangu alikuwa mgongoni mwa Mama amelala, hakumbuki lolote.

Nadhani ndiyo maana yeye anaweza. Alimwacha Mungu akamkuta binadamu, akampenda. Mimi binadamu nilimwona siku ile, anatawadha kwa maji yetu. Mdogo wangu anataka nimwamini huyo badala ya Mungu, na anashangaa nikimwambia nimechoka kuamini. Watu wa msikitini wana pa kushika. Watu wa ukumbini wana pa kushika.

Mimi sina.

Kwa miaka yote, Mama akisikia watu wanamsema mwanawe, hujibu kwa msemo mmoja: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ataranda, atachoka, atarudi. Akishasema hivyo mazungumzo yamekwisha, hata Mama Nuru hujua kunyamaza.

Leo baada ya adhuhuri aliniomba nimpigie mwanawe simu. Niliweka simu kwenye mto karibu na sikio lake. Nilidhani atamlaumu, atamtaja moto. Hakumtaja. Aliongea taratibu, kwa Kibajuni chetu ambamo mtu ni mchu, kama anavyoongea na mtoto aliyeota ndoto mbaya.

"Mwanangu, wema wako naujua mimi, nimekulea. Mimi sikutishi. Lakini wema wa mchu unamfikisha kaburini tu, na mimi nataka nikuone baada ya kaburi. Nitamkie kalima ya shahada mara moja nisikie."

Kisha nikamsikia analia, mwanamume mzima.

"Mama, mimi ni mchu yule yule uliyemzaa. Nikitamka nitakuwa nakudanganya. Siwezi kukudanganya wewe, hata kama ningeidanganya dunia nzima."

Moyoni nilimpigia kelele. Sema! Ni maneno machache, hayakuunguzi, sema apumzike! Mimi nayasema mara tano kwa siku na sijafa. Na papo hapo nilimwonea wivu hata nikataka kuitupa ile simu. Yeye anasema anampa Mama heshima ya ukweli. Ni kweli. Lakini heshima hiyo anaitoa akiwa Ulaya, na anayebaki kumgeuza Mama ubavu na kumfuta machozi ni mimi, muongo.

Mama hakukasirika. Alisema tu, "Haya baba. Basi sisi tumeagana hapa hapa." Akanipa ishara niondoe simu.

Nilingoja ule msemo wake wa tezi na omo.

Hakuusema.

Nilimlowesha midomo kwa kitambaa. Kisha aliushika mkono wangu, akaniambia kwa sauti ya mtu anayepanga watu watakaopanda mashua:

"Basi tutakuwa watatu. Mimi, babako, na wewe."

Nikamjibu, "Inshallah, Mama."

Akatabasamu. Wallahi alitabasamu, na mimi nimeapa hapa kwa jina la nisiyemwamini kwa sababu sijui kuapa kwa kingine. Alisema anamshukuru Mola hakumwacha mikono mitupu, kwamba amemnyang'anya mmoja akamwachia mmoja aliye imara. Mama Nuru, aliyekuwa ameleta uji na kusimama mlangoni, alifuta macho kwa mtandio akaniambia nina bahati, radhi za mama nimezipata naye angali hai. Nilipokea bakuli. Uji ulikuwa wa moto, nikaupuliza, nikamlisha.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nani mwingine aijue? Nikimwambia ukweli Mama leo, namuulia na mtoto wake aliyebaki ndani ya siku moja. Nisipomwambia, anaondoka akiwa ameegemea mkono ambao, kwa imani yake mwenyewe, hautakuwepo upande wa pili. Yule aliyesema ukweli ameagwa. Mimi nimebarikiwa. Na tunafanana, mimi na yeye, tofauti yetu ni kwamba yeye anamheshimu Mama na mimi namhurumia, na leo sijui kipi kati ya hivyo viwili ndicho utu. Huenda sina hata kimoja kati ya hivyo. Huenda mimi ni mwoga tu mwenye mikono ya kazi.

Ameniuliza sasa hivi kama adhana ya magharibi imekaribia. Nimemwambia bado kidogo, apumzike. Amesema hapana, leo atie udhu mapema, anataka kumshukuru Mungu kwa ajili yangu.

Nimemwosha uso. Nimemwosha mikono mpaka kwenye viwiko, kulia kwanza, kama alivyonifundisha nilipokuwa sifiki hata kiunoni mwake. Wanaadhini. Msala nimeshautandika pale anaponiona, na ananingoja nianze.