Kumsindikiza Mgeni Hadi Juu

Jumatatu, 3 Februari 1992
Uji bila chumvi tena. Uvimbe wa miguu umepungua, viatu vinaingia. Beata, mtaalamu wa mazoezi pale kliniki, anasema moyo wangu mchovu unataka kutembezwa kila siku. Kipimo ni mdomo: nikitembea huku naongea, sawa, maneno yakikatika, nisimame. Mke wangu Zaituni hataki kusikia. Kwake mgonjwa ni wa kitandani. Cherehani yangu iko dukani, juu barabarani. Mwisho wa mwezi Zaituni atampa mpwa wake cherehani hiyo. Nimekasirika. Mimi fundi, si godoro.

Alhamisi, 6 Februari
Jirani yetu Haruna kaja kunijulia hali. Alipoaga nikainuka kumsindikiza. Zaituni akafungua kinywa, akakifunga. Nani atamzuia mtu kumsindikiza mgeni? Tumefika bombani tukipiga soga. Nimerudi nacheka peke yangu.

Jumanne, 11 Februari
Wageni tele, Mungu awabariki. Kila mmoja namsindikiza mbali kuliko aliyemtangulia. Leo nimepita kibanda cha muuza mkaa. Nalala kama mtoto.

Jumamosi, 15 Februari
Kiburi. Haruna alikuwa na haraka, nikaona aibu kubaki nyuma. Nikanyamaza, nikapanda. Kifua kikabana, nikakaa kwenye tope. Nimerudishwa nimeshikwa mabega. Zaituni kalia, kisha kafunga mlango: wageni basi. Naogopa. Si kufa. Naogopa kulala hivi mpaka nife.

Jumatatu, 17 Februari
Zaituni kaenda kliniki kumgombeza Beata. Karudi naye. Beata kanisikiliza kifua, kanikaripia kwanza, kwa Kiswahili chake cha hapa Gitega.

"Papa, kosa haiko kutembea. Kosa ni ile kunyamaza."

Kisha akamgeukia mke wangu. "Mama, wewe iko na maneno mingi. Tembea na yeye."

Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Zaituni alijizuia, akashindwa.

Jumamosi, 29 Februari
Siku kumi sasa tunatoka wawili, kila siku mbali kidogo. Leo tumepanda mpaka juu. Alinisemesha njia nzima: harusi ya dada yake, ndizi, majirani wote wa Gitega. Nikichelewa kujibu, anasimama. Dukani mpwa wake alikuwa anangoja na mkokoteni. Zaituni akamwambia arudi nyumbani, mwenye cherehani kaja.

Nimekanyaga cherehani taratibu. Kola ya shati moja, imenyooka. Nina furaha. Zaituni kakaa benchini, kanyamaza kwa mara ya kwanza leo.