Kifungo cha Gauni la Bluu

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu, tena zishike mapema, maana haya yanayofuata hayana adabu ya kusubiri. Mgongo wako unasemaje? Na shemeji, bado anabishana na redio? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto na hofu. Goti nimelizoea. Hofu ndiyo imenikalisha niandike, mimi ambaye nikishika kalamu ni kama nimeshika mkia wa nyoka. Nitazunguka kidogo, unanijua, ila nitafika.

Binti yetu Chiriku hajambo. Tangu umlete kwangu kutafuta kazi amenenepa, na akiimba bafuni jirani anagonga ukuta. Si kumkataza, anaomba arudie. Nilikwambia nilimwombea nafasi kwa bosi wangu, yule Mtunzi ninayemfanyia usafi, akamtia kwenye kwaya ya mchezo wake mpya. Michezo ya Mtunzi watu hawasemi, wanaimba mwanzo mwisho. Mtu akiomba chumvi anaimba. Akichomwa kisu, badala ya kuita daktari anaimba kwanza robo saa. Mmoja niliouona ulikuwa wa mwanamke na kiti tu, saa nzima, hakuna hata ngoma. Nilicheka kimoyomoyo, halafu nikajikuta nalia, na hata leo sijui kile kiti kilinifanya nini.

Sasa sikia anavyofanya kazi. Mimi napiga deki, yeye yuko kwenye kinanda, na mdomo wangu unajua hauna likizo. Nilidhani namkera, kumbe akaniambia nisinyamaze. Alisema maneno yangu hayahitaji, anataka sauti tu, inavyopanda nikishangaa na inavyoshuka nikidanganya. Basi naongea, naye anachora vidoti kwenye mistari. Nikachungulia. Vidoti vitupu, kama sisimizi kwenye foleni, neno hata moja hamna. Nikasema huyu mtu ni shimo, ukitupa kitu hakirudi. Nikamwaga ya mtaa mzima, ya fundi viatu na wake zake wawili wasiojuana, ya mwenye nyumba na meno yake ya bandia.

Yakaisha. Siku hiyo mvua inanyesha, sakafu haikauki, naye kashika kalamu anangoja. Dada, nikamwambia letu.

Ndiyo, lile tulilokula kiapo kuzikwa nalo. Nilimwambia nilizaa kabla sijamaliza shule, na wewe ulikuwa na miaka saba ya ndoa bila mtoto, nikakukabidhi wangu mlango wa nyuma, amefungwa kwenye koti la mvua la shemeji. Na kifungo nikakisema. Alivyong'ang'ania kifungo cha gauni langu la bluu, vidole havifunguki, mpaka wewe ukakata uzi kwa meno, akaenda nacho. Nikamdanganya tu kwamba mtoto huyo sasa kaolewa mbali. Chiriku sikumtaja. Nikajiona mjanja.

Walisema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza vichwa vitatu.

Jumanne mchana nilipeleka chai ukumbini. Kwaya ilikuwa inajifunza vipande vyake peke yake, na mwimbaji mkuu vyake, siku hiyo ndiyo wanakutana mara ya kwanza. Huyo mwimbaji ni mama mnene, shingo kama mtungi. Akafungua mdomo, nikatoka mimi. Mzuri kuliko mimi, lakini mimi: ninavyovuta pumzi kabla ya umbea, na ile “eh” yangu ya mwisho. Nikatabasamu kama mjinga. Ndipo maneno yakaja. Mlango wa nyuma. Koti la mvua. Alipofika kwenye kifungo nikatazama kwaya, mstari wa pili. Wenzake wote wanaitikia, Chiriku kafunga mdomo. Mkono uko shingoni, kwenye kile kifungo anachokivaa kwenye uzi, ulichomwambia ni cha gauni la bibi yake.

Nilimfuata Mtunzi nyuma ya jukwaa, nikamuuliza si alisema maneno hayataki. Akasema kweli hakuyataka, ila hayo yaligoma kuachana na sauti yangu, alijaribu kuweka mengine yakaanguka. Akasema nikitaka atautoa ule wimbo, nimwambie kabla ya Ijumaa. Kisha akauliza mbona natetemeka hivi ikiwa mtoto yuko mbali. Mimi, Dada, nimekosa la kusema. Andika hiyo tarehe.

Nyumbani Chiriku hakuimba. Aliosha vyombo, akapanga vikombe masikio yote upande mmoja, kama ninavyopanga mimi. Leo asubuhi, anafunga kamba za viatu, hajaniangalia, akaniuliza kama ninalo gauni la zamani la bluu. Hakuniita mama mdogo. Hakuniita kitu. Nikasema nitatafuta. Akasema hana haraka, ataniuliza tena Jumamosi baada ya onyesho.

Lipo. Liko chini kabisa ya sanduku, limebaki na vifungo vitano na uzi uliokatwa kwa meno. Wimbo sitamwambia Mtunzi autoe, umeshamfikia aliyetakiwa asiusikie. Na kumdanganya Chiriku tena siwezi, ananisikiliza sauti inavyoshuka, kama Mtunzi.

Njoo, Dada. Njoo kabla ya Jumamosi, hata mgongo ukikataa. Unadhani naogopa atajua? Hapana, hilo limeshapita. Naogopa ataniita mama, nami nitaitika kabla sijakukumbuka wewe.

Nisamehe mwandiko, na hilo lingine. Msalimie shemeji sana, mwambie redio haijibu. Lile koti lake la mvua kama bado lipo, livae, huku kunanyesha.

Ni mimi mdogo wako,
msema hovyo