Kufuta kwa Gereji na Kufuta kwa Simu

Mama Kidosho,

Sauti yako yote imefutika kwenye simu yangu. Nimeifuta mimi.

Uji uko kwenye chupa, uache upoe usije ukakuunguza koo. Dawa umeze baada ya kula.

Asubuhi simu iligoma kupiga picha, ikadai imejaa. Ikauliza, "Futa vyote?" Nikabonyeza ndiyo. Kwetu gereji kufuta ni kupitisha kitambaa: vumbi linatoka, gari linabaki. Nikajua inaondoa uchafu.

Kidosho, usinianzie na "si nilikuambia, Baba." Uliniambia niweke nakala, nikakujibu simu si cheti cha kuzaliwa. Haya, umeshinda. ~~Usimwonyeshe mama yako karatasi hii mpaka nirudi.~~ Mwache asome.

Nimekwenda kwa fundi simu. Nilimpigia kwanza, akasema, "Mzee, kama huna nakala, usijisumbue." Nimekwenda hivyo hivyo. Sijui pengine pa kwenda.

Mke wangu, simu yako iliibiwa kule hospitali, na tangu upasuaji wa koo huwezi kusema, unaniandikia tu vikaratasi. Nikiwa peke yangu gereji nilikuwa nakusikiliza. Sikuwahi kukuambia.

Zilizopotea ni jumbe nne za sauti. Mbili unanigombeza kwa kuchelewa. Moja unaniagiza chumvi. Ya nne ulibonyeza kwa bahati mbaya: unacheka na jirani, wala hujui kama nasikia.

Baba Kidosho