Kasi Niliyoinakili Kwenye Boksi la Risasi

Mume wangu Baba Rehema,

Jana rafiki yako Saidi alikuja hapa Chamazi kuchukua darubini yako ya kuwindia. Nilimwahidi tangu arobaini yako ilipopita, kisha nikawa natafuta visingizio, mara betri, mara mfuko wake umechanika. Ukweli ni kwamba kulikuwa na neno la kusema kabla haijatoka mlangoni, na neno lenyewe lilikuwa la kuambiwa wewe, si Saidi.

Unaikumbuka siku Rehema alipoituma kutoka Maskati. Magoti yalikuwa yamekukatalia kunyemelea, ukaanza kusema leseni ya uwindaji basi tena. Binti yako akakutafutia darubini inayopima umbali wa mnyama na kukuambia upandishe shabaha kiasi gani. Ukaigeuzageuza, ukauliza, "Mita mia tatu hizo, mie na kisu changu nitafika saa ngapi?" Maana kwako mnyama asiyewahiwa kuchinjwa hakuwa kitoweo. Nilicheka mpaka nikamwaga chai.

Tukakaa mezani, wewe na bunduki isiyo na risasi, mimi na simu, kwa sababu namba ziliingizwa kwenye simu kwanza ndipo zihamie kwenye darubini. Ilitaka kuijua bunduki yako kwa undani: uzito wa risasi, kimo cha lenzi ya kulengea juu ya mtutu, umbali ambao unapiga bila kupandisha. Nikapima kwa rula yangu ya shuleni, nikikuamrisha ushike vizuri, ukasema hujasimamiwa hivyo tangu darasa la nne. Tulipofika kwenye kasi ya risasi, nikaisoma kwenye boksi, nikaiandika.

"Ngoja kwanza, Mwalimu," ukasema. "Hilo boksi halijawahi kuipiga bunduki yangu. Hii nzee. Saidi anamjua mtu mwenye mashine ya kupimia kasi, twende tukapime."

Nikakujibu kwa ile sauti ya miaka thelathini ya kufundisha hisabati, "Kilichoandikwa kimeandikwa." Ukaiacha ikae. Kwenye namba uliniamini kama mimi nilivyokuamini kwenye kila kitu kingine.

Ulirudi kutoka porini bila nyama. Kongoni, mita mia tatu na kitu. Ulipandisha kama darubini ilivyosema, risasi ikampata mguu badala ya bega, na wewe na Saidi mkafuata damu mpaka ikakatika. Hayo alinisimulia Saidi; wewe uliniambia sentensi moja tu: "Mkono umezeeka, Mama Rehema." Uliwaambia hivyo hivyo msikitini na dukani. Leseni hukuiomba tena. Ukawa mtu wa kibarazani, kutwa unatazama wanaokwenda uwanjani kwenye mpira, na hata kikombe ulikipokea kwa mikono miwili, ule wa kulia huuamini peke yake.

Wiki chache baadaye nilisoma maelezo ya darubini mpaka mwisho, jambo ambalo ningemwadhibu mwanafunzi kwa kutolifanya mwanzo. Yalisema kasi ya kwenye boksi imepimwa kwa mtutu mrefu na mpya, kwa hiyo kila mtu apime ya bunduki yake. Mtutu wako mfupi, na umelika. Nikapiga hesabu nyuma ya daftari. Kwa umbali ule risasi yako ilikuwa inashuka zaidi, kwa upana wa kiganja, kuliko nilivyoiambia darubini. Kiganja kimoja tu, Baba Rehema, na kongoni wako akaondoka na mguu uliovunjika.

Sikukuambia. Nilisema nitakuambia baada ya Ramadhani, halafu baada ya Idi, halafu ukalazwa, nikaona wodini si mahali pake. Niliona haya, basi. Mimi niliyewasimamisha watoto wa watu mbele ya darasa kwa kunakili bila kufikiri.

Baada ya mazishi yako, bunduki ilipotakiwa kurudishwa polisi, nilimwomba Saidi aipitishe kwanza kwa yule mtu wa mashine, bila kumweleza kwa nini. Namba ikaja ndogo, karibu sawa na hesabu yangu. Jana ndipo nikamkabidhi darubini na kumweleza yote.

"Shemeji, si ungemwambia tu," akasema. "Angekucheka mwaka mzima, halafu tungerudi porini."

Ameondoka, na maneno yake yamebaki na mimi humu ndani. Rehema hupiga simu Ijumaa. Siku nyingine zote hakuna wa kuniita Mwalimu, vijana niliowafundisha wananipita na shikamoo bibi zao. Naheshimiwa, lakini naumwa na upweke. Ninachokitamani ni mtu wa kunicheka, na uliyekuwa na haki hiyo ni wewe, nami nikakunyima.

Mwenyezi Mungu akupe kivuli mahali ulipo, na aniwekee mimi ujasiri nilioukosa. Mkono wako ulikuwa mzima. Umekufa ukiuona mbovu, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yako, nikijua.

Mkeo,
Mama Rehema