Kundi la Barua Nililolizima

Abti,

Naona haya hata kukusalimu. Lakini salamu ni haki yako, kwa hiyo amani ikufikie hapo ulipolala, na Mola akupanulie kaburi.

Mama, dada yako, hajambo. Bado anachaji simu yako kila asubuhi na kuiweka dirishani, pale ulipopenda kukaa, nami sijapata moyo wa kumwambia aizime. Nyumba hapa mtaani Iftin imepoa. Mtu akibisha, natega sikio nikidhani utasema, "Abti, fungua." Kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilohilo, na wewe ulilitamka kana kwamba mimi ndiye mkubwa.

Nakuandikia kuhusu walimu wako.

Unakumbuka tulivyobishana. Ulikuwa na lile kundi lako la barua pepe: mwalimu akiandika kutoka Buna au Sangailu, barua yake inamwendea kila mwalimu aliyemo. Mitihani, masomo, nani kaoa, nani kafiwa, vyote mlemle. Mimi niliyetoka chuoni Nairobi nilikuona umepitwa na wakati. Nilitaka jukwaa kwenye tovuti, kila mada na chumba chake, mtu aingie kwa neno la siri atafute anachotaka. Nilikuonyesha kwa madaha. Ukasifu rangi, kisha ukasema, "Abti, barua inafuata mtu mpaka kwake. Hii yako inangoja mtu akuje. Mtu wa Buna akifika pahali netiwaki iko, barua zinaingia zote, anarudi kusoma nyumbani. Hii yako atasoma akiwa wapi?" Nilicheka.

Ulipougua uliniachia kazi kwa sharti moja, nisilizime kundi mpaka mwalimu wa mwisho awe ameingia jukwaani. Nikasema sawa. Abti, sikungoja. Kuendesha vyote viwili kulinichosha, na wale waliochelewa kuhamia niliwaita wavivu. Nikalizima. Uliponiuliza kitandani kama watu wa Buna wameingia, nikajibu, "Wanaingia." Ukasema alhamdulillahi, ukafumba macho umeridhika. Hapo ndipo ninapokwama kila ninapojaribu kulala.

Kisha ukatutoka. Ulizikwa siku ileile, kama ilivyo desturi, na mimi nikaandika tangazo jukwaani. Rambirambi zilimiminika. Niliona fahari, Mungu anisamehe, kwamba jukwaa langu linafanya kazi. Sikutazama hata majina. Kumbe wote walikuwa watu wa mjini.

Wiki iliyopita Mwalimu Abdirizak wa Buna alibisha, amebeba jerikeni ya maziwa ya ngamia, kama alivyokuletea siku zote. "Mwalimu yuko? Naandika, hajibu. Nikasema bora nikuje mwenyewe nimuone." Nilisogea pembeni, nikamwita Mama. Mama ndiye aliyemwambia. Mwalimu Abdirizak hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikaa mkekani, akainua mikono akakuombea kwa muda mrefu, halafu akaniuliza polepole, "Haya maziwa sasa nipee nani?" Mama aliyapokea. Mimi sikuweza kuyanywa.

Alipoondoka nikalifungua kundi. Barua zao zilikuwa zimerundikana ndani, hazijamfikia mtu. Mwalimu Halima wa Sangailu alikuwa amekuuliza, "Mwalimu, mbona kimya? Tumekukosea wapi?"

Walidhani umewasusa, Abti. Wewe. Muda wote huo walikuwa wakijitafutia kosa, na kosa ni langu. Uso unaniwaka ninapoandika hivi.

Kundi sasa linafanya kazi tena. Jukwaa litabaki kwa kuhifadhi mitihani, lakini kila kitakachoandikwa humo kitamwendea kila mwalimu kwa barua, na atakayejibu kwa barua, jibu lake litaonekana humo. Haikuwa kazi ngumu. Ningeweza kuifanya ukiwa hai, kama ningekusikiliza badala ya kucheka.

Hii nayo naituma kwenye kundi. Waisome wote, wajue hukuwasusa hata siku moja, na wajue ni nani aliyewanyima nafasi ya kukuombea siku ya mazishi yako. Watakachosema juu yangu nitakipokea. Nakuahidi sitalizima tena, hata akibaki mwalimu mmoja tu anayesoma.

Kwaheri, Abti. Nisamehe ukiweza.

Jina lako sijaliondoa kwenye kundi. Nikishatuma, simu yako italia pale dirishani, na Mama ataniuliza ni nani anayekuandikia.

Mpwa wako,
Fardosa