Samaki ya mu Shimo ya Buchafu

Siku ya posho, Novemba 1951

Mikono yangu ingali inanuka pétrole, mafuta ya taa. Asubui mu soko, muzungu wa hygiène, mwenye kupima vyakula, alikatala samaki ya kutoka Kasenga, sababu ilikuwa imeoza. Miye mwenyewe, mutumishi yake, nilimimina pétrole juu yake, tukaizika mu shimo ya buchafu. Muzungu akapanda mutuka yake, akaenda. Hakuacha mulinzi hata mumoja pa shimo.

Magaribi bibi yangu, mama ya batoto, akaniletea bukari ya bunga ya mahindi na samaki. Nikasikia ile arufu ya pétrole.

"Umeitosha wapi, kwa nani?"

"Kwa mama jirani, baba. Iko bei ya chini. Alisema tuioshe na majivu, tuichemushe mara mbili."

Nikasukuma sahani. Nikauliza habari ya batoto.

"Balishakula. Beko banalala."

Tangu pale niko nasikiliza pumuzi yao.