Upara wa Kinyozi

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo. Kiti cha pili cha kinyozi nimekivalisha ngozi mpya, na mwanao ameota jino. Analijaribu kwenye vidole vya wateja.

Mkeo hajakutaja tangu siku ile ulipomuuliza, "Nywele nyekundu hizi mtoto kazitoa wapi?" ukabeba begi. Nilikuwepo, nikanyamaza. Aibu hiyo ni yangu.

Nilimpeleka mtoto kwa daktari. Akasema wekundu ule hurithiwa, na huweza kujificha kwa mtu mwenye nywele nyeusi kama zako. Mtoto hawi nao mpaka aupate kwa baba na kwa mama, wote wawili. Bila wewe, nywele zile zisingekuwepo.

Nami nilijua ulikoutoa. Umekua ukidhani baba yako ana upara. Sina! Shuleni walinicheka, nikaanza kunyoa kichwa, ndevu, hata nyusi, kila alfajiri, miaka arobaini. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, mimi nilijinyoa.

Sasa nimeacha, huu mwezi wa pili. Nafungua kibanda kichwa kikiwaka kama kaa la moto, mjukuu begani, na wateja wanauliza nani kamwiga nani. Najivuna, mwanangu, mpaka shingo inauma.

Humu bahashani nimetia nywele mbili, moja yangu, moja yake. Ukiweza kuzitofautisha, baki huko huko. Ukishindwa, rudi, lakini msamaha wa mkeo utauomba mwenyewe.

Ni mimi baba yako,
Mwekundu.